Zebaki Haipotei Ikichomwa: Mambo Ambayo Kila Familia ya Machimboni Inafaa Kujua

Katika machimbo ya dhahabu ya Kaunti ya Migori, kuanzia Nyatike na Suna Magharibi hadi Kuria Magharibi, familia nyingi hupata karo, chakula na kodi ya nyumba kutokana na mawe yanayochimbwa, kupondwa na kuoshwa na wachimbaji wadogo. Katika hatua za mwisho za kazi hiyo wengi hutumia zebaki, yale majimaji mazito ya rangi ya fedha yanayouzwa katika vichupa vidogo. Zebaki hushika chembe za dhahabu ambazo ni vigumu kuzitenga na mchanga. Donge linalopatikana huwekwa motoni, zebaki inatoweka na dhahabu inabaki.

Watu husema zebaki "imetoweka" kwa sababu hawaioni tena. Kwa kweli zebaki haipotei ikichomwa. Haiungui kama kuni wala haigeuki jivu. Inageuka mvuke, inahama kutoka kwenye karai hadi kwenye mapafu ya aliye karibu, kwenye mabati na kuta za nyumba, kwenye nguo, kwenye udongo na hatimaye kwenye mito na ziwa. Mtu akielewa jambo hilo moja, ataelewa pia kwa nini mahali pa kuchomea donge na namna ya kulichoma vinaweza kuamua afya ya mama na mtoto kwa miaka mingi.

Zebaki ni nini?

Zebaki ni metali, kama vile chuma au shaba, ila yenyewe huwa majimaji katika joto la kawaida. Ni nzito mno: lita moja ina uzito wa zaidi ya kilo 13. Huchemka kwenye nyuzijoto 357, joto ambalo jiko la makaa hulifikia bila shida. Lakini haihitaji kuchemka ili itoe sumu. Hata ikiachwa wazi ndani ya chupa, beseni au ufa wa sakafu, hutoa mvuke kidogo kidogo mchana na usiku, na joto likipanda mvuke unaongezeka.

Mvuke huo hauna rangi wala harufu. Hauwashi macho kama moshi wa kuni, wala haumfanyi mtu akimbie. Moshi unaoonekana wakati wa kuchoma donge hutoka kwenye makaa au uchafu mwingine, na sumu yenyewe haionekani. Ndiyo maana mtu anaweza kuifanya kazi hii kwa muda mrefu akiamini kwamba haimdhuru.

Ni kiasi gani kinachodhuru?

Katika donge la kawaida, takriban nusu ya uzito ni zebaki. Donge la gramu 10 likichomwa wazi, gramu 5 hivi za zebaki hupanda hewani. Zinaonekana chache, lakini Shirika la Afya Duniani, WHO, linapendekeza kwamba hewa ambayo watu huivuta siku zote isizidi wastani wa mikrogramu 1 ya mvuke wa zebaki katika kila mita moja ya ujazo. Gramu moja ina mikrogramu milioni moja. Chumba cha mita tatu kwa tatu chenye dari ya mita mbili na nusu kina mita za ujazo 22 na nusu tu. Kwa hesabu hiyo, gramu moja ya zebaki inatosha kuifikisha hewa ya vyumba zaidi ya 40,000 vya aina hiyo kwenye kiwango hicho cha WHO. Jikoni ni chumba kimoja tu, na mvuke wote hubaki humo.

Sehemu ya mvuke ule hupoa na kushika kwenye mabati, masizi, kuta, mapazia na nguo za kazi. Jua likipiga bati siku inayofuata, au jiko likiwashwa, zebaki ile hupanda tena hewani. Mtoto anayelala humo anaivuta hata siku ambayo hakuna aliyechoma chochote.

Inaingiaje mwilini?

Njia kubwa ni pumzi. Mtu akivuta mvuke wa zebaki, takriban asilimia 80 ya kile alichovuta hupita kwenye mapafu na kuingia katika damu. Kutoka hapo hufika kwenye ubongo na figo. Mwanamke akiwa mjamzito, mvuke huo huvuka kondo la nyuma na kumfikia mtoto tumboni.

Kuishika kwa mikono mitupu ni hatari ya pili. Zebaki ya majimaji haipenyi ngozi haraka kama mvuke unavyopenya mapafu, lakini hujificha kwenye kucha, mikwaruzo na nguo, kisha husafiri na mtu hadi nyumbani. Anayekanda mchanga na zebaki kwenye beseni huwa pia ameliinamia, na pua yake iko karibu na mvuke.

Njia ya tatu ni chakula. Zebaki inayomwagwa pamoja na maji ya kuoshea huteremka kwenye vijito, ikafika Mto Kuja na kuingia Ziwa Viktoria. Ndani ya matope, vijidudu huigeuza kuwa aina nyingine inayoitwa methili-zebaki, ambayo mwili huifyonza kwa urahisi sana kutoka kwenye chakula. Viumbe vidogo hula matope, samaki wadogo hula viumbe hao, samaki wakubwa hula wadogo, na kila hatua sumu huongezeka. Hilo halimaanishi kwamba watu waache kula samaki, ambao ni chakula bora kwa mama na mtoto. Samaki wadogo kama omena kwa kawaida hubeba sumu hii kidogo kuliko samaki wakubwa wanaokula wenzao. Kinachotakiwa ni zebaki isifike majini.

Dalili ambazo hudhaniwa ni kitu kingine

Mtu akivuta mvuke mwingi kwa mara moja, hasa ndani ya chumba kilichofungwa, anaweza kupata kikohozi, kubanwa na kifua, homa, kichefuchefu na ladha ya chuma mdomoni baada ya saa chache. Katika hali mbaya mapafu hujaa maji na maisha huwa hatarini. Kwa kuwa dalili hizo hufanana na malaria au nimonia, ni muhimu mgonjwa amweleze daktari kwamba alikuwa karibu na zebaki.

Wengi zaidi huumia polepole. Mikono huanza kutetemeka, mwandiko hubadilika, kufunga vifungo vya shati huwa kazi. Usingizi hupotea. Mtu husahau mambo, hukasirika bila sababu au huwa na haya asizokuwa nazo. Fizi huvimba na kutoka damu, mate hujaa mdomoni, figo huanza kudhoofika. Majirani wanaweza kudhani ni pombe, uzee au kurogwa, na yeye akaendelea kuchoma donge.

Kwa mtoto, madhara huwa makubwa zaidi kwa sababu ubongo wake ungali unajengwa. Anaweza kuchelewa kuzungumza, kushindwa kufuatilia masomo au kukosa uthabiti wa viungo. Madhara ya ubongo yaliyotokea kabla ya kuzaliwa hayana dawa ya kuyafuta.

Funzo la Minamata

Dunia ilijifunza jambo hili kwa uchungu katika mji wa Minamata nchini Japani. Kiwanda kimoja cha kemikali kilikuwa kikimwaga maji machafu yenye methili-zebaki katika ghuba ambako wavuvi walipata riziki yao. Paka walianza kuyumba na kufa. Mwaka 1956 ugonjwa wa watu ulitambuliwa rasmi. Jambo lililowashtua madaktari ni kwamba kina mama walioonekana wazima, au wenye dalili ndogo tu, walijifungua watoto wenye ulemavu mkubwa. Sumu ilikuwa imempita mama ikamwendea mtoto.

Mkataba wa kimataifa wa kudhibiti zebaki umepewa jina la mji huo. Uamuzi wa kuanza mazungumzo yake ulifikiwa jijini Nairobi Februari 2009, katika kikao cha Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira. Mkataba ulipitishwa mwaka 2013 na ukaanza kutumika Agosti 16, 2017. Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoutia saini mwaka 2013. Machimbo ya wachimbaji wadogo yana nafasi yake katika mkataba huo, kwa sababu uchimbaji mdogo wa dhahabu ndio unaoongoza duniani kwa kupeleka zebaki hewani, kwa zaidi ya theluthi moja ya zebaki yote inayotokana na shughuli za binadamu.

Desturi nne za kuacha kwanza

Mkataba wa Minamata unataja desturi nne ambazo nchi zinapaswa kuzikomesha katika uchimbaji mdogo. Zote zinawahusu wachimbaji wa Migori.

1. Kuchanganya zebaki na mawe yote yaliyosagwa. Wengine huitia zebaki moja kwa moja kwenye mtambo wa kusagia. Mtambo huivunja kuwa vitone vidogo mno vinavyoondoka na matope, vikibeba chembe za dhahabu. Mchimbaji hupoteza zebaki aliyoinunua na dhahabu aliyoitafuta. Mchanga unafaa kuoshwa kwanza hadi ubaki ule mzito wenye dhahabu nyingi, ndipo hatua nyingine zifuate.

2. Kuchoma donge wazi. Karai, kijiko au kopo juu ya makaa bila kifaa cha kunasa mvuke hupeleka zebaki yote kwenye pumzi za watu.

3. Kuchoma donge katika makazi. Jikoni, barazani, kando ya kibanda cha chakula au katika duka la sokoni si mahali pa kazi hii, hata kama donge ni dogo. Wanunuzi wa dhahabu nao wako hatarini, kwani dhahabu inayoletwa dukani ikiwa imechomwa mara moja bado hubaki na zebaki kidogo, na hutoa mvuke inapoyeyushwa tena. Feni inayousukuma mvuke nje dirishani humpelekea jirani.

4. Kutia sianidi kwenye mchanga wenye zebaki. Mabaki ya mchanga huuzwa kwa wanaotumia sianidi kutoa dhahabu iliyosalia. Sianidi yenyewe ni sumu kali, na ikikutana na zebaki huifanya iyeyuke na kusafiri kwa urahisi ndani ya maji. Zebaki ni lazima iondolewe kwanza.

Kama zebaki bado inatumika

Kwa wanaoitumia zebaki, kifaa muhimu ni ritoti. Ni chombo cha chuma kilichofungwa, chenye bomba linalotoka juu na kuteremka pembeni. Kinafanya kazi kama kifuniko cha sufuria: mvuke ukigusa mahali pa baridi hugeuka matone na kurudi chini. Donge huwekwa ndani, chombo hupashwa moto, mvuke hupita kwenye bomba lililopozwa kwa maji au kitambaa kilicholowa, na zebaki hudondoka ikiwa majimaji tena. Ritoti nzuri inayotumiwa vizuri hunasa hadi asilimia 95 ya zebaki, na zebaki hiyo hutumika tena. Hivyo mchimbaji hupunguza pia gharama ya kununua nyingine.

Ritoti ina masharti yake:

• Itumike nje, mahali penye upepo, mbali na nyumba, watoto, wanyama na chakula. Anayeitumia asimame upande upepo unakotoka.

• Maungio yakaguliwe kabla ya kuwasha moto. Ritoti inayovuja ni sawa na karai wazi.

• Ncha ya bomba isizamishwe ndani ya maji. Chombo kikianza kupoa hunyonya maji hayo, na maji yakigusa chuma cha moto kinaweza kupasuka.

• Isifunguliwe kabla haijapoa kabisa, hata kama mnunuzi anasubiri.

Barakoa ya kitambaa au ile ya hospitali haizuii mvuke wa zebaki. Kinachofaa ni barakoa yenye kichujio kilichotengenezwa mahususi kwa mvuke huo, nayo kichujio chake hubadilishwa kwa wakati. Kunywa maziwa baada ya kazi, kama wengi wanavyoamini, hakuiondoi zebaki mwilini. Glavu za mpira zivaliwe wakati wa kukanda, na nguo za kazi zibaki kazini, zifuliwe peke yake, mbali na nguo za watoto.

Kuhifadhi, na jinsi ya kufanya ikimwagika

Zebaki ihifadhiwe katika chupa nzito ya plastiki au kioo yenye kifuniko kinachokaza, na maji kidogo yawekwe juu yake ili kuzuia mvuke. Chupa iandikwe wazi kwamba ni sumu na ifungiwe mahali ambapo mtoto hafiki. Chupa ya soda au ya dawa ya kikohozi haifai, kwani mtoto anaweza kudhani ni kinywaji. Isiwekwe kwenye sufuria au chombo chochote cha alumini, kwa sababu zebaki hula alumini. Chombo chochote kilichotumiwa kwa zebaki kisirudi jikoni.

Ikimwagika, au kipimajoto cha zamani kikivunjika nyumbani:

• Watoto na wajawazito watoke, milango na madirisha yafunguliwe, moto uzimwe.

• Isifagiliwe kwa ufagio. Ufagio huitawanya kuwa vitone vingi zaidi. Ikusanywe polepole kwa vipande viwili vya karatasi ngumu, na vitone vidogo vinaswe kwa gundi ya utepe.

• Anayekusanya avae glavu na avue pete na saa, kwa kuwa zebaki hushika dhahabu ya pete kama inavyoshika ile ya machimboni.

• Vyote, pamoja na vitambaa vilivyotumika, viwekwe katika chombo kinachofungwa na kupelekwa kwa ushauri wa afisa wa afya ya umma. Visitupwe chooni, mtaroni wala motoni.

Dhahabu bila zebaki

Dhahabu ni nzito kuliko mchanga na mawe yanayoifunika, na uzito huo ndio unaowezesha kuitenga bila sumu. Ubao wa mteremko uliotandikwa blanketi au zulia linalofaa, ukioshwa kwa maji yanayotembea taratibu, hunasa chembe nyingi. Meza zinazotikisika na mitambo inayozungusha mchanga kwa kasi hunasa hata zile ndogo zaidi. Kifaa kimoja huwa ghali kwa mtu mmoja, lakini kikundi au ushirika unaweza kukinunua na kukitumia kwa zamu.

Mchanga mzito ukishasafishwa vizuri unaweza kuyeyushwa pamoja na boraksi. Boraksi huyafanya madini mengine yayeyuke kwa joto la chini zaidi, nayo dhahabu huzama na kukusanyika chini. Wachimbaji wadogo wa kaskazini mwa Ufilipino wameitumia njia hii kwa miongo kadhaa. Haifai kwa kila aina ya mawe, na inahitaji mchanga uliooshwa kwa makini, hivyo kikundi kinashauriwa kuijaribu kwanza kwa kiasi kidogo na kulinganisha dhahabu iliyopatikana.

Sheria ya Madini ya mwaka 2016 inawatambua wachimbaji wadogo na inaweka utaratibu wa kuwapa vibali. Kikundi chenye kibali kina nafasi nzuri zaidi ya kuomba mafunzo na vifaa. Katiba nayo, katika kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya kuishi katika mazingira safi na salama. Haki hiyo ni ya mchimbaji, na pia ya jirani anayeishi nyuma ya duka la kuyeyushia dhahabu.

Nani aende hospitali?

Aliyevuta mvuke na kuanza kukohoa au kubanwa na kifua atolewe mara moja hadi kwenye hewa safi, avuliwe nguo zilizochafuka na apelekwe hospitalini bila kusubiri asubuhi. Aliyemeza zebaki asilazimishwe kutapika. Naye apelekwe hospitalini. Anayetetemeka mikono, kukosa usingizi au kusahau sana, na ambaye hufanya kazi au kuishi karibu na zebaki, amweleze mhudumu wa afya waziwazi. Kipimo cha mkojo huonyesha kama mtu amekuwa akivuta mvuke wa zebaki, na daktari ataamua kuhusu matibabu. Dawa ya kwanza ni kuondoka kwenye sumu, kwani mwili huhitaji miezi kadhaa kuipunguza na hauwezi kufanikiwa ikiwa kila siku unaongezewa nyingine.

Mama mjamzito, anayenyonyesha na watoto wote wasiguse zebaki wala wasiwe karibu inapochomwa. Kliniki ya wajawazito ni mahali pazuri pa kutaja kazi ya machimboni, hata kama mhudumu hajauliza. Wahudumu wa afya ya jamii wanaotembelea nyumba nao waelezwe iwapo donge huchomwa katika boma.

Kikundi cha wachimbaji hakilazimiki kubadilisha kila kitu kwa siku moja. Kinaweza kuanza wiki hii kwa kukubaliana mambo matatu: hakuna donge litakalochomwa nyumbani, hakuna zebaki itakayotiwa kwenye mtambo wa kusagia, na wanachama watachanga ili wanunue ritoti moja ya pamoja. Jambo la kwanza halihitaji pesa, nalo ndilo linalomkinga mtoto kwa haraka zaidi.